Bao, drafti au keram: ukitaka kujitengenezea ubao nyumbani hapa Tanga, uanze na upi?

Mfungo ukikaribia, au masika yakianza watu wakashinda ndani, lazima atokee mtu aulize hivi ubao wa kuchezea naweza kujitengenezea mwenyewe au nikanunue tu. Unaweza kabisa. Tatizo ukiuliza watu watatu unapata majibu matatu, mmoja anakwambia chonga bao ndo heshima ya baraza, mwingine anasema drafti ndo rahisi, wa tatu ana keram kichwani maana ndo vijana wanayoitaka, na ukichunguza kila mmoja anautetea mchezo anaoupenda yeye.

Mimi naona swali la mchezo upi mtamu liwekwe pembeni kwanza. Ukishakuwa wewe ndo unayeshika msumeno, cha kujiuliza ni ubao upi utakuvumilia, maana kila mmoja una kosa unalolisamehe na kosa usilolisamehe hata kidogo, na watu wanaoacha kazi njiani ni wale waliochagua ubao usioendana na mkono wao au na vifaa walivyonavyo.

Vigezo nilivyotumia

Vya kwanza ni vifaa. Nikisema vifaa vya kawaida namaanisha msumeno wa mkono, nyundo, tepu, penseli, skwea na msasa, vitu ambavyo hata kama huna jirani anavyo. Ukivuka hapo tunaingia kwenye patasi, drili, randa, jigisoo, na hapo ndo gharama inapoanza kupanda hata kabla hujanunua mbao.

Halafu mbao yenyewe, aina na kiasi. Halafu kazi, yaani wapi panaharibika na pakiharibika unarekebishaje. Halafu kete, ambazo watu wengi wanazisahau mpaka ubao umekauka vanishi ndo wanaanza kuulizana tunachezea nini sasa. Mwisho kukaa nao, yaani nafasi unayohitaji, wachezaji wangapi, kelele, na huu unyevu wetu wa bahari.

Bei sijaweka, mbao inapanda na kushuka na kila fundi ana hesabu zake, ila nitasema upi unakula mbao na upi unaishi kwa vipande.

Kabla hujachagua: mbao na hewa ya Tanga

Hili linahusu michezo yote mitatu kwahiyo nalimaliza hapa. Ubao mwingi unaouziwa bado una maji ndani. Ukiukata leo ukaupiga vanishi kesho, ukifika kaskazi na joto lake unapinda, au unapasuka kuanzia kwenye vichwa. Dawa yake haina gharama, uweke ndani ya nyumba pasipopigwa na jua, juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, vichwa vya mbao uvipake rangi yoyote iliyobaki ili maji yasitoke kwa fujo upande huo. Kama una mizani ya jikoni pima kipande kila wiki uandike, uzito ukiacha kushuka ndo mbao imetulia. Inachosha kusubiri najua, lakini hakuna njia ya mkato hapa.

Aina sasa. Mninga ndo tulivu kuliko zote, ukikauka haujivuti sana wala kupinda, na unafanyika vizuri kwa mkono. Mkongo na mvule ni mizito na migumu, inadumu ila patasi butu haiiwezi. Mtiki tuna bahati nao mkoa huu, shamba la Longuza lipo hapo Muheza, na mtiki unavumilia maji na mchwa vizuri sana, ila una mafuta yake ya asili kwahiyo kabla ya gundi ufute kwa thina usubiri ikauke, usipofanya hivyo gundi inabanduka, tena unakula makali ya patasi haraka. Paini na saipras, kama zile za Shume kule Lushoto, ni laini na nyepesi, nzuri kwa kujifunzia ila zina vifundo na ukucha tu unaziachia alama. Usidharau pia mwembe au mfenesi ulioanguka uani kwa mtu, unachongeka vizuri, ila mwembe ukausheni mapema maana dumuzi wanaupenda.

Miti ya asili kama mninga na mkongo ina taratibu za vibali vya TFS, wale wakala wa misitu, kwahiyo nunua dukani uombe risiti, usipokee gogo usilojua limetoka wapi. Vumbi la mninga na mvule linawasha pua na macho, funga barakoa. Na tafadhali, mafuta ya nazi msipake kwenye ubao. Najua yapo kila nyumba na siku ya kwanza yanang'aa, lakini hayakauki, yanabaki yananata na kuvuta vumbi. Kama hutaki vanishi tafuta mafuta ya linsidi, hayo yanakauka yakawa ngozi. Skrubu chukua za zinki au za shaba, za kawaida na hii chumvi ya hewani zitatoa kutu na kutia doa jeusi kwenye mbao.

DRAFTI

Vifaa. Vya kawaida vinatosha, ongeza brashi na selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Hapa drafti imewaacha wenzake mbali, mtu anayekaa chumba kimoja Makorora anaweza kuifanya kitandani na asisumbue mtu.

Mbao. Kipande cha plaiwudi cha milimita 12 kinatosha, na vipande hivi kwa mafundi seremala mara nyingi vinabaki pembeni. Ubao una miraba 64, yaani 8 kwa 8. Kipimo cha mraba kitoke kwenye kete zako, vizibo vya soda vina upana wa kama sentimita 3, kwahiyo mraba wa sentimita 4 unatosha na kidole kinapata pa kupita. Hiyo inakupa sentimita 32, weka ukingo wa sentimita 3 kila upande unapata ubao wa 38. Plaiwudi ni bora kuliko ubao mmoja mpana kwa sababu tabaka zake zimepishana kwahiyo haipindi kirahisi.

Kazi. Kuna njia mbili na zinatofautiana sana. Njia ya rangi: piga msasa, paka rangi nyepesi ubao mzima, ikauke kabisa, chora mistari, bandika selotepu kwenye miraba unayotaka ibaki nyepesi, paka ya giza. Siri ni moja, ukishabandika selotepu pitisha kwanza ile rangi nyepesi tena kwenye kingo za selotepu, inaziba vijitundu, halafu ndo upake ya giza, mstari unatoka kama umekatwa na wembe. Ukikosea unapiga msasa unarudia, hakuna kilichopotea zaidi ya rangi.

Njia ya pili ni ya vipande vya mbao mbili tofauti, tuseme mninga na paini. Unakata fito 4 za giza na 4 nyepesi zenye upana wa sentimita 4, unazigundisha kwa kupishana, zikikauka unakata tena kwa upande mwingine upate fito 8 zenye miraba, kila ya pili unaigeuza, unagundisha tena. Inatoka nzuri mno, ila sasa hesabu haikuhurumii, kila fito ikizidi milimita 1 mwisho wa ubao umezidi milimita 8 na miraba haikutani tena. Na kumbuka msumeno unakula, kila mkato unapoteza kama milimita 3, kwahiyo fito za mwanzo ziwe ndefu kama sentimita 36 na siyo 32. Kwa msumeno wa mkono mimi nisingemshauri mtu aanze na hii.

Kete. Vizibo 24, kila mtu 12. Upande mmoja vikae kifudifudi, mwingine chali, au huyu achukue vya kola yule vya machungwa. King unaweka kizibo juu ya kizibo. Hakuna kete rahisi kuliko hizi duniani.

Kukaa nao. Wachezaji wawili, watazamaji bila idadi na kila mmoja anajua kuliko anayecheza. Unaufunga kwenye mfuko unakwenda nao popote. Ubao huo huo unacheza sataranji ukipata vipande vyake, na ukitaka kuutumia zaidi geuza upande wa pili uchore miraba 100 ya drafti ya kimataifa, ile ya kete 20 kila upande. Kasoro yake, rangi barazani inachubuka, vizibo vina meno na watu wa drafti hawaweki kete, wanazipigiza. Tabaka mbili za vanishi juu ya rangi zinasaidia, na baada ya muda unaipaka tena yanaisha.

Unamfaa nani? Asiye na vifaa, anayetaka ubao wiki hii, anayefanya na mtoto.

BAO

Vifaa. Hapa lazima uwe na patasi, na siyo bapa tu, ile ya duara ndo inayochimba shimo. Nyundo ya mti ni bora kuliko ya chuma, haiui mpini wa patasi. Drili siyo lazima ila inapunguza jasho, unatoboa katikati ya kila shimo kwa kina unachotaka (funga selotepu kwenye biti kama alama ya kina) halafu patasi inamalizia pembeni. Wenye gurainda wanaweka diski ya msasa wanachimba haraka sana, ila gurainda mkononi mwa asiyeizoea ikichupa haichupi kwenye mbao peke yake, inakuja na wewe, kwahiyo mimi naiogopa kwa mtu anayeanza.

Mbao. Huu ndo unaotaka mbao nzito ya kweli. Mashimo ni 32, mistari 4 ya mashimo 8. Ukichukua ubao wa inchi 2 kwa 10, mashimo ya sentimita 5 yanaenea, kati ya mstari na mstari unaacha karibu sentimita 1. Urefu chukua sentimita 75, mashimo na kuta zake yanakula kama 53 na nusu, zilizobaki ni za yale mashimo makubwa ya pembeni ya kuwekea kete. Hayo msiyaruke kwa kubana mbao, bao la Kiswahili linaanza na kete 22 za kila mtu nje ya ubao, sasa zikae wapi, mapajani?

Ukikosa mbao pana gundisha mbili za 2 kwa 6. Ukifanya hivyo kiungo kinaangukia kwenye ule ukuta wa katikati unaotenganisha wachezaji, ndo mahali pazuri kabisa maana hakuna shimo linalokipita, tena unapata upana wa kutosha mashimo ya sentimita 6. Wengine hawagundishi, wanaweka bawaba ubao unajikunja. Nzuri kwa msafiri ila bawaba lazima zizamishwe ndani ya mbao, la sivyo ubao haulali sawa.

Kazi. Hapa nitakaa kidogo.

Nyuzi za mbao zinakwenda kwa urefu wa ubao. Ukuta unaotenganisha mstari na mstari unafuata nyuzi, huo ni mgumu. Ukuta unaotenganisha shimo na jirani yake kwenye mstari mmoja unakatiza nyuzi, na huo ndo unaomeguka, patasi ikiingia kwa pupa tu unauona kipande kimeruka. Kwahiyo kuta hizi za pili ziache nene zaidi, sentimita 1 na nusu hivi, na uchimbe ukitokea kwenye mdomo wa shimo kushuka katikati, usitokee katikati kupanda. Kina kiwe kama sentimita 2 na nusu, usizidi 3 maana ubao wa inchi 2 ukishapigwa randa unabaki na sentimita nne na nusu tu.

Chini ya shimo pawe mviringo, pasiwe bapa. Kuna watu wanatoboa mashimo yakatokea upande wa pili kwa holi soo (msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili), halafu wanagundisha plaiwudi kwa chini kuwa sakafu. Ni haraka sana na kwa macho linaonekana bao, lakini shimo linakuwa na kona chini na kete zinajificha humo, unabaki unadokoa moja moja wakati mchezaji wa bao anataka akombe zote kwa mkupuo mmoja. Kama ni bao la watoto kujifunzia sawa, ila wazee watakurudishia.

Nyumba sasa, lile shimo la mraba. Kila mchezaji anayo moja, kwenye mstari wake wa mbele, shimo la nne ukihesabu kutoka kulia kwake. Soma vizuri, kulia KWAKE. Wachezaji wanakaa wakitazamana kwahiyo nyumba mbili hazikabiliani uso kwa uso, zinapishana kwa shimo moja. Weka alama za penseli ukiwa umekaa upande mmoja, zunguka ukakae upande wa pili uweke tena, ndo hutapotea. Mraba wenyewe usiuchonge mpaka mashimo mengine yaishe, mkono unakuwa umeshazoea mbao.

Sasa kuhusu kusamehe. Bao halijali vipimo, shimo moja likiwa limejaa kidogo kuliko jingine hakuna atakayeuliza na ubao ukizidi sentimita mbili haidhuru. Ukuta ukimeguka kipande kikiwa kipo unakirudisha kwa gundi, kikipotea changanya gundi na vumbi la mbao hiyo hiyo ujaze. Kinachokataa ni haraka. Mbao mbichi, patasi isiyonolewa, kutaka kumaliza leo, ndo vinavyopasua ubao, na ukipasuka katikati hapo hakuna fundi.

Kete. Komwe 64, na okota zaidi kidogo maana zinapotea. Zinatoka kwenye vile vichaka vya miiba vya pwani, maganda yenyewe yana miiba pia, kwahiyo nenda na kijiti. Chagua zinazokaribiana ukubwa. Kokoto laini zinafanya kazi ila sauti yake siyo, mtu wa bao anacheza na masikio pia.

Kukaa nao. Wachezaji wawili, kimya kimya mpaka mtu atakate (acheze bila kula) vibaya. Mzito, hautaki meza, unakaa mkekani au kwenye benchi katikati yenu. Kwa upande wa kudumu hakuna unaoufikia, ukiwa wa mninga au mtiki unaurithisha. Mikono ya watu yenyewe inaung'arisha, unafuta vumbi na kupaka linsidi mara chache kwa mwaka basi. Mwenye nyumba ya watoto wadogo aangalie hizo komwe, zinaingia mdomoni. Na asiyejua bao la Kiswahili lenye namua (hatua ya kuingiza kete za nje) na mtaji (hatua ya kucheza zilizomo ubaoni) asikate tamaa, kuna bao la kujifunza, kete mbili mbili kwenye mashimo yote 32, ubao ni ule ule.

Unamfaa nani? Mwenye subira na uani, anayetaka kitu kimoja cha maisha, na anayependa kazi ya mkono kuliko kazi ya kipimo.

KERAM

Vifaa. Vingi kuliko wote. Randa au mtu wa kukurandia fremu, msumeno wa kukata kona za nyuzi 45, drili na holi soo ya milimita 44 kwa mashimo ya kona, vibano vya kubania wakati gundi inakauka, na msasa wa namba tofauti mpaka 400. Msumeno wa mkono kona za 45 unaweza kukata ila tumia boksi la kuongozea, jicho peke yake linadanganya.

Mbao. Sheria za kimataifa zinataka uso wa kuchezea wa mraba, sentimita 73.5 mpaka 74 kila upande, plaiwudi isiyopungua milimita 8. Mimi ningechukua 12 kama mnayo, na chini niweke fito mbili za msalaba maana katikati panalegea na pakilegea tu kete zote zinakimbilia huko. Chagua karatasi ya plaiwudi isiyo na viraka usoni, iinamishe uitazame kwa mwanga wa pembeni kabla hujalipa, mabonde yanaonekana. Karatasi ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vitatu vya sentimita 81, kwahiyo mtu mmoja kununua karatasi nzima kwa ubao mmoja ni hasara.

Fremu iwe mbao ngumu, mninga au mkongo au mtiki, upana kama sentimita 6.5 hadi 7.5 na ipande juu ya uso kati ya sentimita 1.9 na 2.5. Paini hapa hapana, inanyonya pigo, striker (ile kete kubwa ya kupigia) ikigonga hairudi.

Kazi. Keram haisamehi. Kona isipokuwa 90 kamili pigo la kurudi linakwenda kwingine. Kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona, zote mbili zilingane, kwa uso wa 74 ni kama sentimita 104 na nusu, zikitofautiana sukuma mpaka zilingane halafu ndo ubane. Mashimo ya kona ni sentimita 4.45, toboa kabla ya kufunga fremu, kwa kasi ndogo, na uweke kipande cha mbao chini ili plaiwudi isichanike upande wa pili.

Kuchora: mistari ya kupigia, miwili kila upande, ina urefu wa sentimita 47, ule wa chini unakaa sentimita 10.15 kutoka kwenye fremu, miduara midogo ya mwisho wa mistari ni ya sentimita 3.18, katikati mduara mkubwa wa 17. Chora kwa kalamu ya wino usiochuja na bikari, baada ya tabaka la kwanza la vanishi, halafu tabaka nyingine zije juu yake. Ukichorea juu kabisa kete zinaukuta mstari na zinauchuna.

Msasa na vanishi ndo zinakula muda. Tabaka nyembamba, ikauke, msasa 400 kidogo tu, futa vumbi, tena. Usifanye siku ya mvua wala jioni umande ukianza, vanishi inaingia ukungu mweupe. Ukitaka kujua kama umefaulu, sheria zenyewe zina kipimo, striker ikipigwa kwa nguvu zote iende na kurudi angalau mara tatu na nusu. Ubao wa nyumbani ukifika mbili usijilaumu, watu watacheza.

Kete. Nunua. Ni 19, tisa nyeusi, tisa nyeupe na nyekundu moja, upana wa sentimita 3.02 mpaka 3.18, na striker isiyozidi gramu 15. Kuzikata mwenyewe zilingane unene na uzito bila mashine ya kukerezea ni kujitafutia maradhi. Poda yake ile ya asidi ya boriki iwe mbali na watoto na chakula.

Kukaa nao. Wawili au wanne, hapo ndo keram inawashinda wenzake, familia nzima inaingia kwa zamu. Lakini inataka meza au stuli imara, taa juu yake, na nafasi ya watu kuzunguka. Kelele ipo, tena kubwa, na usiku saa tano ukuta wa jirani ni ule ule. Unyevu ndo adui yake mkubwa, poda inaganda na uso unakuwa mzito wakati wa masika, usiuegemeze ukutani wiki nzima unapinda, ulaze chali juu ya kabati au utundike sawasawa, na ufunike shuka.

Unamfaa nani? Mwenye vifaa au mwenye rafiki seremala, mwenye chumba, na nyumba yenye vijana wengi wasiotaka kusubiri zamu.

Sasa kwa hali yako

Kama hujawahi kushika msumeno kabisa na unataka kitu kiishe kabla mfungo haujaanza, drafti ya rangi. Hata kama moyo uko kwenye bao. Utajifunza kupima na kupaka, na patasi utanunua baadaye ukiwa unajua unanunua nini.

Kama unaye mzee nyumbani, baba au babu anayecheza bao kwa wenzake na hana lake, hapo sioni cha kujadili sana, ila kaa naye kwanza akwambie anapenda mashimo ya ukubwa gani na kina gani, maana wazee wana mikono tofauti na yeye ndo atakayekaa nalo. Muonyeshe alama za penseli kabla hujachimba.

Unaishi nyumba ya kupanga, vyumba vimegusana? Keram itakuletea maneno. Kuchonga bao nako kuna makelele ya nyundo ila yanaisha, na unaweza kwenda kuchongea uani kwa mtu. Drafti haina neno.

Ukumbi wa vijana, klabu, madrasa, mahali penye watoto wengi: inategemea kuna msimamizi au hakuna. Akiwepo wa kuifunika keram na kuhesabu kete jioni, keram inawaburudisha wengi kwa wakati mmoja. Asipokuwepo, tengenezeni drafti kadhaa, vizibo vikipotea vinaokotwa vingine.

Baraza la nje, ubao unalala huko huko na mvua za vuli zinaupitia, ni bao la mtiki tu. Plaiwudi ya kawaida ikilowa mara kadhaa tabaka zinaachana, ziwe za drafti au keram.

Unafikiria kuuza? Drafti ya vipande vya mbao mbili na bao la kuchonga ndo vinavyovutia wageni, keram mnunuzi atailinganisha na ya dukani na atakagua kila kona, kwahiyo usiingie huko mpaka mkono wako uwe unatoa kona sawa kila mara.

Na kama mpo majirani watatu mnaoitaka keram kweli, changeni karatasi moja ya plaiwudi, mwambieni fundi mwenye mashine awakatie vile vipande vitatu vya 81 siku moja, fremu kila mtu afanye kwake. Pembeni kitabaki kipande kirefu chenye upana wa kama sentimita 41. Msikigawane vipande vipande, kinatoka drafti sita.